Modeli za seli zinavunjika zikigeuzwa, na anayeumia ni asiye na leseni

Mwaka 2021, watafiti walio karibu na hifadhi ya BioModels kule Uingereza walichukua modeli 455 za kibiolojia zilizochapishwa majaridani, wakajaribu kuzirudia kwenye kompyuta. Asilimia 49 hazikutoa matokeo yaliyoandikwa. Jamaa wakakaza buti, wakarekebisha hapa na pale, wakawaandikia wenyewe. Bado asilimia 37 ziligoma kabisa.

Modeli hapa si mrembo wa jukwaani. Ni milinganyo ya hesabu inayoeleza yanayotokea ndani ya seli: sukari inavunjwa kwa kasi gani, seli inajigawa lini, dawa inaisha mwilini baada ya muda gani. Fani yenyewe inaitwa biolojia ya mifumo. Nyingi ya modeli zile zilikwama kwa sababu za kizembe tu, kama namba kukosekana au hali ya kuanzia kutotajwa. Ukijaribu kupika kwa maelezo yasiyosema unga ni kiasi gani, utapata uji au utapata ugali, bahati yako.

Dawa ya uzembe huo ilianza kutafutwa zamani. Toleo la kwanza la SBML, lugha ya faili iliyoanzia Caltech, Marekani, lilitoka 2001. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kilikuwa kikijenga lugha yake, CellML. BioModels ikafunguliwa 2005. Kisha kuna wanaoandika kila kitu kwa MATLAB, na wengine wanatumia BioPAX. Kila kijiji na lahaja yake, ndiyo maana vigeuzi vya faili vikahitajika. Kimoja kinaitwa SBFC, kilichoelezwa jaridani 2016, na ni cha bure.

Watu wengi wanadhani kazi imeishia hapo. Mimi nasema shida inaanzia hapo.

Kabla ya 2018, mtu wa M-Pesa hakuweza kutuma pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya Airtel Money. Sasa anaweza, na shilingi mia ikivuka inabaki mia. Modeli haivuki hivyo. SBML inahifadhi menyuko: molekuli hii inageuka kuwa ile, kwa kasi fulani, ndani ya chumba fulani cha seli. CellML inahifadhi milinganyo. Ukigeuza ya kwanza kuwa ya pili, hesabu inabaki lakini habari ya nani aligeuka kuwa nani inaweza kupotea, na ukitaka kurudi inabidi programu ibahatishe. Ukienda BioPAX mambo ni kinyume: unabaki na ramani ya nani anagusana na nani, hesabu za kasi zinaachwa mlangoni.

Kosa baya zaidi ni lile lisilopiga kelele. Vijiko vya sukari si sawa na utamu wa chai, kwa sababu utamu unategemea ukubwa wa kikombe. Ndivyo ilivyo kwa kiasi cha molekuli na ukolezi wake. Kigeuzi kikichanganya hivyo viwili katika modeli ambayo ujazo wa seli umeandikwa kuwa 1, hutajua kitu, namba zinalingana. Siku utakapobadilisha ujazo ndipo jibu litakuwa uongo, na kompyuta haitakuonya. Faili imefunguka, grafu imechoreka, kila mtu anapiga makofi.

Nani anaumia? Si profesa mwenye leseni ya MATLAB iliyolipiwa na chuo chake, kwa sababu yeye anafungua faili asili na maisha yanaendelea. Anayeumia ni kijana wa Nairobi au Kisumu mwenye laptopu ya mtumba. Mimi niliacha chuo, na ukiacha chuo, leseni haikufuati nyumbani. Kwa mtu wa aina hiyo, programu za bure kama COPASI na kigeuzi kinachoaminika ndio mlango pekee wa kukagua kazi ya wakubwa.

Siku hizi kuna njia ya mkato: unaipa akili unde msimbo wa MATLAB na kuiambia iandike SBML. Inaandika vizuri sana, na hapo ndipo naogopa. Kwani nani amekagua vikombe na vijiko? Watunzaji wa SBML wana mkusanyiko wa majaribio zaidi ya 1,000, kila moja na jibu lake sahihi, wa kupima kama programu inaelewa faili. Kazi kama hiyo haina sifa wala haikupi jina jaridani, lakini ndiyo ingestahili pesa za wafadhili kabla ya modeli mpya nyingine mia. Na jarida likikataa makala isiyo na faili inayoendeshwa pamoja na grafu inayotarajiwa, gharama yake ni ndogo mno.

Ukitaka kujionea, ingia BioModels utafute BIOMD0000000012. Ni modeli ya jeni tatu zinazozimana, ya Elowitz na Leibler, 2000. Ipakue, igeuze mara mbili, kwenda na kurudi, kisha iendeshe. Protini zile tatu zinafaa kupanda na kushuka kwa zamu. Zikitulia kimya, umepata kigeuzi cha kushitaki.