Miaka 20 ya Radio Miraya, miaka 20 bila James Brown

Juni 30 mwaka huu Radio Miraya inatimiza miaka 20 hewani. Ilianza kusikika Juba, Sudan Kusini, mwaka 2006, mwaka mmoja na nusu hivi tangu mkataba wa amani wa Sudan utiwe saini Nairobi, na kabla mwaka huo haujaisha, siku ya Krismasi, mwanamuziki wa Marekani James Brown akafariki dunia Atlanta akiwa na umri wa miaka 73. Hii ni tahariri ya sherehe, lakini tanzia imeingia ndani yake na hatuoni sababu ya kuitoa. Redio na marehemu huyu wana mengi ya kuambiana.

Kwanza pongezi, tena za dhati. Miraya ilianzishwa na ujumbe wa Umoja wa Mataifa kwa ushirikiano na Fondation Hirondelle ya Uswisi, shirika lile lile lililosaidia kuzaliwa kwa Radio Okapi kule Congo mwaka 2002. Masafa yake ni 101 FM, lugha zake ni Kiingereza na Kiarabu cha Juba. Ilikuwapo wakati wa kura ya maoni ya kujitenga ya Januari 2011, ikawapo bendera ya taifa jipya ilipopandishwa Julai 9 mwaka huo, na risasi ziliporindima Desemba 2013 na tena Julai 2016 watu waliojifungia ndani waliitegemea kujua barabara ipi inapitika. Machi 2018 mamlaka ya vyombo vya habari ilitangaza kuisimamisha, matangazo yakaendelea. Kwa nchi ambayo maelfu ya wasikilizaji hawasomi gazeti, kazi hiyo haina mbadala.

Pita Hai Jalaba asubuhi uone inavyosikilizwa. Mtaa huu wa zamani, uliojulikana kwa wafanyabiashara waliotoka kaskazini, una mama chai wake kama mitaa mingine ya Juba: jiko la mkaa, vigoda vifupi vya plastiki, mitungi ya tangawizi, karafuu na karkade imepangwa mezani, na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira kwenye nguzo ya kibanda. Wakati wa habari wazee wananyanyua mikono vijana wanyamaze. Habari zikiisha muziki unaingia, na sasa vijana ndio wanaonyanyua mikono. Rap ikipigwa, anayesubiri chai yake anagonga goti kwa vidole, na mara nyingi anachokigonga, ajue asijue, ni James Brown.

Kumwelewa, tuanze Boston. Aprili 4, 1968 Martin Luther King aliuawa Memphis, na miji mingi ya Marekani ikawaka moto. Kesho yake James Brown alikuwa na onyesho Boston Garden. Wakuu wa mji walitaka kulifuta, wakashauriwa wafanye kinyume: onyesho liendelee na lirushwe moja kwa moja na kituo cha umma cha WGBH, ili watu wabaki nyumbani wakitazama. Likarushwa. Vijana walipoanza kupanda jukwaani na askari wakawakabili, Brown aliwasihi askari warudi nyuma, akazungumza na vijana mwenyewe hadi wakashuka. Usiku ule Boston ilitulia kuliko miji mingi mikubwa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa studio ya Juba usiku wa wasiwasi, akitafuta sauti ambayo watu wataiamini, analielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Hip-hop nayo ilitoka kwake, ila kwa njia nyingine. Agosti 11, 1973, kwenye nyumba namba 1520 Sedgwick Avenue huko Bronx, kijana aliyezaliwa Jamaika, DJ Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Alikuwa ameona kwamba wachezaji huwaka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Akawa anatafuta nakala mbili za santuri moja, anapiga kipande kile kwenye mashine ya kwanza, kikiisha anakirudia kwenye ya pili, na sekunde chache zikageuka dakika nzima. Miongoni mwa santuri alizozitegemea ilikuwamo ya James Brown.

Kipande chake maarufu kuliko vyote kimo kwenye “Funky Drummer”, wimbo uliorekodiwa Cincinnati Novemba 20, 1969. Usikilize kwa makini. Bendi inazunguka kwa zaidi ya dakika tano, kisha Brown anaiambia inyamaze na kumwachia uwanja mpiga ngoma, Clyde Stubblefield. Kwa takriban sekunde 20 unasikia ngoma tupu: mguu mzito, sahani zinazonong’ona bila kukatika, na mapigo mepesi ya mkono wa kushoto yanayojificha katikati ya mapigo makubwa. Kundi la rap la Public Enemy walikichukua kipande hicho, na nyuma yao wakaja wasanii wasiohesabika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa shida kupata albamu ya rap isiyo na James Brown ndani yake.

Afrika ilikuwa imekwisha kumpokea. Septemba 1974 alipiga Kinshasa kwenye tamasha la usiku tatu lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman, na wenyeji walikuwa wakimjua vizuri. Kundi la Trio Madjesi walikuwa wakiuchezesha mji ule kwa mbwembwe walizojifunza kwake. Khartoum nako alikuwapo Kamal Keila, ambaye watu walimwita James Brown wa Sudan. Huyu tunataka kukaa naye kidogo.

Mwaka 1992, vita vya Kusini vikiwa vikali na utawala wa Omar al-Bashir ukiwa umeshika hatamu, Kamal Keila aliingia studio ya redio Omdurman akarekodi, kwa Kiarabu na Kiingereza, nyimbo za funk zinazowataka Waislamu na Wakristo, Kaskazini na Kusini, waishi kama ndugu. Wakati ule ulihitajika moyo mkubwa kusema hivyo. Mikanda ile ilibaki mikononi mwake robo karne, mpaka mwaka 2018 lebo ya Habibi Funk ya Berlin ilipoitoa kama albamu. Mzee mmoja alihifadhi mikanda yake, na kwa sababu hiyo tu leo mtoto wa Hai Jalaba anaweza kusikia kwamba kulikuwa na mtu wa Kaskazini aliyeimba kwa ajili yake kabla hajazaliwa.

Mwaka 2005 wito huo ukapata sura nyingine. Emmanuel Jal, aliyekuwa askari mtoto kabla mfanyakazi wa misaada, Emma McCune, hajamtorosha hadi Nairobi, alitoa albamu ya “Ceasefire” pamoja na Abdel Gadir Salim, mwimbaji na mpiga udi kutoka Kordofan: rapa wa Kusini na mkongwe wa Kaskazini kwenye santuri moja.

Lakini Rejaf Jazz wako wapi? Skylark wako wapi? Bendi hizi ziliichezesha Juba miongo kadhaa iliyopita, zikichota kutoka Kampala, Nairobi na Kinshasa. Waulize vijana wanaotengeneza midundo kwa kompyuta za mkononi kama wamewahi kukata hata sekunde 20 za Rejaf Jazz. Wanakata James Brown kwa kuwa James Brown anapatikana. Vita viliwatawanya wanamuziki wetu na kuziacha kazi zao bila mlinzi. Hata nyaraka za serikali zenyewe zilikaa miaka kadhaa chini ya hema hapa Juba, mvua na mchwa vikizinyemelea, kabla ya kupangwa upya.

Kwa hiyo Miraya inapokata keki, tunaiomba ifungue kabati. Kwa miaka 20 wameingia studio zake waimbaji, wazee wa ngoma, wachungaji, mashekhe, watoto wa rap. Sauti hizo ni mali ya nchi. Na ujumbe wa Umoja wa Mataifa haukai milele: redio ya ujumbe wa Liberia ilikabidhiwa jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, mwaka 2018, na ile ya Sierra Leone iliingizwa katika shirika la utangazaji la taifa. Siku ya makabidhiano itafika Juba pia, na siku hiyo watu huwa na haraka, mafaili hutupwa. Maandalizi yafanywe sasa: nakala za kidijitali zipelekwe kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa na Chuo Kikuu cha Juba, na wasanii wa nchi hii waruhusiwe kuzisikiliza na kuzitumia.

Jambo moja lisisahauliwe. Clyde Stubblefield alifariki mwaka 2017. Ngoma yake ilitumika kwenye nyimbo nyingi mno na kwa sehemu kubwa hakulipwa, kwa sababu jina lake halikuandikwa kama mtunzi. Makubaliano yoyote ya kufungua hifadhi ya Miraya yataje kila mpiga ngoma kwa jina, na yaseme atalipwa nini kazi yake ikitumika, na kama amefariki, watoto wake watalipwa nini.