Mwimbaji, namba ya wimbo wako ni ipi?

Simama katikati ya soko la Malindi uite "Katana!" Watageuka watu kumi. Ita "Kadzo!" na hali ni ile ile. Sisi tunaoandika programu tulifundishwa mapema kwamba jina la mtu halifai kuwa ufunguo wa hifadhidata, kwa sababu majina hujirudia na kila karani huyaandika apendavyo. Mtu mpe namba. Wimbo nao vilevile.

Somo hilo limenirudia majuzi. Rafiki yangu mmoja, mwimbaji wa huku kwetu, aliniletea ripoti za mapato za kampuni mbili za kusambaza muziki mtandaoni. Alikuwa amehama kutoka moja kwenda nyingine, akataka nimsaidie kujumlisha. Nikaandika programu ndogo ya kulinganisha nyimbo kwa majina. Ikashindwa. Wimbo wa Kigiriama umeandikwa kwa "dz" huku, kule kwa "z" tupu. Mwingine jina la aliyeshirikishwa limeingizwa ndani ya jina la wimbo. Nikasema basi, tutumie namba. Kumbe namba nazo ni tofauti! Alipohama hakuna aliyemwambia aende na zile za zamani, akapewa mpya. Wimbo uleule sasa una namba mbili, na hesabu ya wasikilizaji wa miaka miwili imebaki nyuma.

Tuzitazame namba zenyewe, maana wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni msimbopau, yaani ile mistari myeusi unayoiona kwenye pakiti ya unga. Ulisomwa na mashine dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya chingamu ya Wrigley. Kazi yake ni kutambua bidhaa. Albamu nzima ni bidhaa moja, kwa hiyo ina msimbopau mmoja, hata kama inauzwa mtandaoni tu na hakuna mstari uliochapishwa popote. Wengi hutumia tarakimu 13, Wamarekani 12. Zinazotolewa na GS1 Kenya huanza na 616. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, hivyo ukikosea kuandika tarakimu moja, mashine inagundua.

Ya pili ni ISRC. Hii ni ya rekodi moja. Ina herufi na tarakimu 12: tano za mwanzo ni za aliyeitoa, mbili ni za mwaka ilipotolewa, na tano za mwisho ni za rekodi yenyewe. Albamu ya nyimbo 10 ina ISRC 10. Ajabu ni kwamba namba hii haina tarakimu ya ukaguzi. Ukiandika herufi O mahali pa sifuri, hesabu haitakusaidia kugundua kosa.

Ya tatu ni ISWC, ambayo ni ya utungo, yaani maneno na sauti kama alivyovitunga mtunzi, hata aimbe nani.

Mfano mzuri uko hapa hapa Pwani. "Jambo Bwana", utungo wa Teddy Kalanda Harrison, ulitolewa na Them Mushrooms mwaka 1980. Baadaye bendi nyingine ziliurekodi, na Boney M nao wakatoa toleo lao mwaka 1983. Kila rekodi huhitaji ISRC yake. Kinachoirudisha rekodi kwa aliyetunga ni kumbukumbu za utungo, na kazi ya ISWC ni kuzifunga pamoja. Bila kuungana huko, watalii wataendelea kuimbiwa wimbo hotelini Malindi na Watamu huku senti za mtunzi zikipotea njiani.

Nimesikia watu wakisema haya ni mambo ya wazungu, na kwamba mwanzele ya wazee haina mtunzi. Sawa, utungo unaweza kuwa wa jamii. Lakini rekodi ina wenyewe: walioimba, waliopiga ngoma, aliyelipia studio. Rekodi hiyo inastahili ISRC kama nyingine yoyote, na majina ya kikundi yaandikwe kabla watu hawajatawanyika.

Wengine huamini kwamba wakishapata msimbopau, wimbo umelindwa. La! Haki huanza wimbo unaporekodiwa au kuandikwa. Namba haithibitishi mwenye mali, inaonyesha tu ni wimbo gani unaozungumziwa. Wala usidhani herufi za mwanzo ni pasipoti ya wimbo. Dada akiimba Kigiriama kutoka Ganze kupitia msambazaji wa Marekani, ISRC yake inaweza kuanza na QZ, na wimbo ukabaki wa Ganze.

Tatizo letu si uvivu wa kushika namba. Muulize mwanamuziki yeyote namba yake ya Skiza, atakutajia haraka kuliko siku yake ya kuzaliwa, kwa sababu ameona inaleta pesa. ISRC nayo inaleta pesa, ila inafanya kazi kimya kimya, kwa hiyo anaiachia kampuni. Hapo ndipo nasema tunakosea. Kampuni huja na kwenda. Namba ya rekodi haipaswi kubadilika, hata wimbo ukiuzwa.

Pendekezo langu halihitaji serikali wala mfadhili. Studio za Malindi, Kilifi na Mtwapa, mnapomkabidhi msanii flashi yake, mpeni na karatasi moja: jina la wimbo kwa tahajia moja, watunzi, walioshiriki, tarehe, na nafasi ya kujaza ISRC ikishatoka. Msanii, piga picha karatasi hiyo, ujitumie kwa barua pepe. Siku ya kuhama, tafuta kisanduku kinachouliza kama wimbo una ISRC tayari, uijaze ileile ya zamani. Ni kazi ya dakika tano.

Rafiki yangu amekwisha kuziandika zake, kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Ameanza na nyimbo saba. Wewe unazo ngapi?