Bao Si la Barazani Tu, Shangazi



Leo nina ugomvi na mashangazi wa maharusi. Mmoja alikuja dukani kwangu hapa Karatu na mwali wake kupima gauni la nikaha, huku akisoma orodha ya vyombo: sufuria, mazulia, chupa za chai, na ile seti ya vikombe ambayo sote tunajua itakaa kabatini miaka yote. Nikamwambia mwali aongeze bao. Shangazi mtu akaguna: "Bao? La barazani hilo, la wanaume. Mwanamke na bao wapi na wapi!"

Nikainamia cherehani yangu, maana mteja ni mteja. Hapa sinyamazi.

Kitu gani kwenye bao kinataka ndevu? Mashimo ni 32, safu nne za manane, mbili zako na mbili za mwenzio. Kete 64, kila mtu 32: sita unaweka kwenye nyumba, mbilimbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, 22 unabaki nazo mkononi za kunamua. Mwenzio anakula za safu yako ya mbele tu, za nyuma hazigusi. Mbele kukiwa kutupu, umefungwa. Mwanamke anayeifikisha pesa ya chakula mwisho wa mwezi, na akiba kaificha nyuma, ndiye atashindwa hapo? Anayeona zito aanze na bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, hakuna kunamua.

Wengine wanakimbilia dini. Kamari ni haramu, iko wazi katika Suratul Maida, na mchezo wa dadu una hadithi yake kali. Bao halina dadu, kete zote mnaziona nyote wawili. Sataranji, ambayo ni ya akili vilevile, wanavyuoni wa Kishafii wameiona ni makuruhu, na haramu ikiingia kamari au ikipoteza sala. Mimi fundi cherehani, sitoi fatwa, muulize shekhe wako. Ila kama ni makuruhu kwangu sebuleni, basi na kwao barazani ni hivyo hivyo, na sijamsikia shangazi yeyote akienda kuwatimua.

Nilihamia huku kutoka Unguja kumfuata mume wangu, dereva wa watalii wa Ngorongoro. Baridi ya Karatu usiku mnaisikia tu. Akishaswali isha anakwenda kijiweni kwenye bao, mimi nabaki na cherehani mpaka saa tano. Nilinuna, nikalia, haikusaidia. Siku moja nikamwambia, nifundishe. Alicheka sana, akanifunga miezi miwili mfululizo, lakini alikuwa ananifungia nyumbani.

Mwaka 2020 korona ikakata watalii. Usiku mmoja nilikuwa nasubiri aamue, anaivunja nyumba yake au anaiacha. Akazishika kete muda mrefu, kisha akasema bila kuniangalia, "Gari lina deni. Miezi minne sijalipa." Angeniita kikao nisingemsikiliza, ningepiga kelele mtaa mzima usikie. Nikamwambia, "Cheza kwanza." Asubuhi tukauza cherehani moja.

Shangazi, seti yako ya vikombe ingefanya hivyo?

Mwali alirudi peke yake kujaribisha gauni, akaniuliza kwa sauti ndogo bao linauzwa wapi. Nikamtahadharisha na yale ya maduka ya vinyago njiani kwenda Ngorongoro: mengine yana safu mbili tu, mashimo yamepigwa rangi ya viatu na hayana kina, ni ya kutundika ukutani Ulaya. (Wamasai wa huku wana mchezo wa jamaa hii, enkeshui, lakini huo ni mwingine.) Hesabu safu nne. Ingiza vidole shimoni uone kama vinachota kete vizuri. Na komwe agiza kwetu pwani, gololi zinateleza na kelele zake zitamwamsha mtoto.