Onyo Liko Kwenye Chupa, Mnywaji Ameshika Glasi

Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kila mkazi wa Mombasa hutafuta upepo kwa njia yake. Watu wa Mikindani hawana ufuo wa mchanga mweupe kama wenzao wa Nyali. Walicho nacho ni kijito cha Tudor na mikoko yake upande mmoja, na malori ya barabara kuu ya Nairobi upande wa pili. Basi mtu akipanda juu ya paa la gorofa jioni, mahali palipopangwa viti na kuwashwa taa za rangi, hana kosa. Upepo wa huko juu ni wa bure. Kinachotia wasiwasi ni kile kinacholetwa mezani katika glasi ndefu yenye barafu, kipande cha nanasi na mrija.

Matangazo huviita vinywaji vya majira ya joto, na picha zake ni za Ulaya. Huko majira hayo ni Julai, wakati ambapo sisi tuko kwenye kusi na watoto wanakwenda shule na sweta. Mzungu anayekunywa glasi hiyo katika nyuzi 22 hayuko katika hali moja na mfanyakazi wa bandarini aliyetokwa na jasho kutwa katika nyuzi 32. Huyu wa pili anafika mezani tayari mwili wake una upungufu wa maji. Pombe nayo huizuia homoni inayoyaamuru mafigo yahifadhi maji, hivyo mnywaji hukojoa zaidi ya alichokunywa. Upepo wa paani humkausha jasho, akadhani amepoa. Kiu ikirudi, anaagiza glasi nyingine.

Tena majina yenyewe yanapotosha. Kinywaji cha kuchanganywa kilicho mashuhuri zaidi nchini, ambacho mkahawa wa Carnivore wa Nairobi umekivumisha tangu ulipofunguliwa mwaka wa 1980, kinaitwa Dawa. Ni vodka, ndimu, asali na barafu. Katika mikahawa mingi ya kawaida, ukiagiza dawa unaletewa tangawizi, ndimu na asali ndani ya maji moto, kinywaji ambacho hata mtoto mwenye mafua hupewa. Jina ni moja, ladha inakaribiana, lakini mambo ni mawili tofauti. Kuna na kile kiitwacho Long Island Iced Tea, chai isiyokuwa na hata jani moja la chai: ndani mna vodka, jini, ramu, tekila na kileo cha machungwa.

Tupige hesabu kidogo. Glasi ya Dawa yenye toti mbili za mililita 25 za vodka ya asilimia 40 ina mililita 20 za pombe tupu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Kwa hivyo glasi hiyo ni sawa na bia nzima, ila bia huchukua nusu saa na glasi tamu humalizika kwa dakika 10. Ile “chai”, mhudumu akitia toti kamili ya kila kileo, inazidi bia mbili. Ini huondoa takriban mililita 10 za pombe kwa saa, wala kahawa, ndimu au maji ya baridi kichwani hayaliharakishi. Aliyekunywa Dawa tatu kuanzia saa kumi na mbili jioni hata saa sita usiku bado anayo mwilini, na huenda saa tatu alishapanda bodaboda au kushika usukani kurudi nyumbani kupitia Makupa.

Watakaoumia kwanza ni wagonjwa wa kisukari, nao mjini humu si wachache. Wengi wao wanajua kuogopa sukari iliyo kwenye glasi. Wasichokijua ni hatari ya pili, inayokuja saa kadhaa baadaye. Ini linaposhughulika na pombe hushindwa kutoa akiba yake ya sukari kuingia kwenye damu. Kwa mtu anayedunga insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, tena hakula chochote ila njugu, sukari inaweza kuporomoka ghafla. Atatetemeka, atatokwa na jasho, maneno yatamgongana, atasinzia. Wenzake watacheka na kusema amelewa, aachwe alale. Mtu wa namna hiyo hafai kuachwa alale! Akiwa anaweza kumeza apewe soda ya sukari mara moja. Akiwa hajitambui asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara, na tangu 1988 pombe imo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Lakini watu wazima wataendelea kunywa, na mimi sipendekezi wafukuzwe paani. Nataka waambiwe wanakunywa nini. Mnywaji wa mnazi huambiwa na pua yake: wa asubuhi ni mtamu, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyochacha na kuwa mkali. Sheria ya vileo ya 2010, ambayo wengi waliiita sheria ya Mututho, inataka chupa ibandikwe onyo la kiafya. Chupa hiyo iko nyuma ya kaunta. Mteja wa paani anapata glasi isiyo na maandishi yoyote.

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, leseni za mabaa ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti ya Mombasa inaweza kuweka masharti mawili: kila kinywaji cha kuchanganywa kiandikwe toti zake kando ya bei, na jagi la maji liwekwe kila meza bila malipo. Wenye mabaa watalalamikia gharama ya kuchapisha. Mbona orodha hizo hizo huchapishwa upya kila bei inapopanda?