Msikiti mpya Pemba: Je, ni lazima kuba na minara?

Kila unapojengwa msikiti mpya kisiwani Pemba, swali la kwanza huwa ni fedha. Swali la pili, ambalo wachache hulizingatia, ni la umbo: je, msikiti wa kisasa haukamiliki bila kuba kubwa na minara mirefu?

Historia ya kisiwa chenyewe inajibu la. Magofu ya Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, na ya Chwaka, karibu na Tumbe, yamehifadhi mabaki ya misikiti iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kabla ya Wareno kufika. Makuba yalijengwa Kilwa, lakini katika mwambao kwa jumla si kuba wala mnara uliokuwa sharti. Kilichothaminiwa ni mihrabu iliyonakshiwa, ukuta mnene na maji ya udhu yaliyo karibu. Hata nafasi baina ya nguzo iliamuliwa na urefu wa boriti za mikandaa.

Leo matumbawe hai na mikoko ni ngao ya ufukwe na mazalia ya samaki. Si vitu vya kukatwa ovyo. Nafasi yake imechukuliwa na tofali za saruji na bati. Lakini ukuta mwembamba chini ya bati lisilo na dari hukusanya joto, na msikiti huwa mtumwa wa feni. Umeme ukikatika Ijumaa adhuhuri, waumini huoga jasho.

Kurithi, basi, si kunakili. Mjini Dhaka, Bangladesh, msanifu majengo Marina Tabassum alibuni msikiti wa Bait Ur Rouf, uliokamilika mwaka 2012, kwa matofali ya kuchoma, bila kuba wala mnara. Hewa na mwanga hupenya kutani na darini. Mwaka 2016 ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Wapo watakaosema kuba huutambulisha msikiti kwa mbali, na kwamba mfadhili ana haki ya kuchagua. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, mfadhili huondoka. Wanaobaki kulipia umeme na kuziba kuba linalovuja ni wanakijiji. Kwa hiyo kamati za misikiti ziwaite mafundi na wazee mezani kabla ramani haijapitishwa, wala si baada ya msingi kuchimbwa.