Mashine Isihukumiwe Kabla ya Kuulizwa

 

Wasomaji wetu wapenzi, ukurasa huu umezoea kusema juu ya mambo ya nyumbani: malezi ya watoto, haki za majirani, na uangalizi wa mali. Huenda mtu akashangaa kuona kwamba leo twazungumza juu ya kompyuta. Lakini kompyuta imekwisha kuwa chombo cha nyumbani kama kilivyo cherehani. Nyumba nyingi za Mwanga, Gungu na Ujiji zinayo, na ndani yake mmewekwa hesabu za biashara, vyeti vya watoto, na picha za wazee waliotutangulia mbele ya haki. Chombo kilichobeba vitu hivyo ni amana, na mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuipoteza kwa pupa.

Lililotufanya tushike kalamu ni jambo lililotukia siku chache zilizopita. Alitujia kijana mmoja wa Ujiji, ameifunga kompyuta katika kitenge.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?”

“Hajambo. Bado yumo katika eda.”

Marehemu baba yake alikuwa mfanya biashara wa dagaa. Aliwakopesha wavuvi nyavu na fedha, na yeye pia akichukua mali kwa watu kwa ahadi ya kulipa. Hesabu zote aliziandika katika kompyuta hiyo, inayotumia mfumo wa Linux uitwao Ubuntu. Usiku mmoja umeme ulikatika ghafula, na betri ya mashine ilikuwa imekwisha kuchoka. Umeme uliporudi, mashine ilionyesha kioo cheusi na maneno ya Kiingereza, isiende mbele wala nyuma. Fundi mmoja aliitazama kwa dakika moja, akasema, “Imekufa hii. Tuifute yote, tuitie mfumo mpya.” Kijana alikaribia kukubali. Mama yake ndiye aliyekataa. Alisema, “Madeni ya baba yako yamo humo. Haifutwi hata nijue ni nani anamdai.”

Mama yule alisema kweli. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratul Baqara, aya ya 282, tuyaandike madeni yetu. Na katika Suratun Nisaa ameweka mirathi kuwa ni baada ya wasia na deni. Kama hesabu zile zingefutwa, warithi wangegawana mali ambayo sehemu yake si yao, na marehemu angebaki na deni shingoni. Basi neno la fundi yule halikuwa dogo. Lilikuwa hukumu, tena hukumu iliyotolewa kabla ya mshtakiwa kuulizwa.

Kabla hatujaeleza dawa, yafaa tueleze Linux ni kitu gani. Ni kiini cha mfumo, yaani ile programu mama inayoziamrisha programu nyingine zote. Ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, katika nchi ya Ufini, aitwaye Linus Torvalds. Naye akawaruhusu watu wote waitumie, waichungue na wainakili. Ubuntu ni mmoja wa mifumo iliyojengwa juu ya kiini hicho. Ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na jina lake lina undugu na neno letu “utu”. Katika mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kazi iliyoitwa Kilinux, kilitoa programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa Mwislamu manufaa yake ni mawili: hahitaji kutumia programu iliyoibwa, na kompyuta kuukuu ambayo wengine wangeitupa huweza kumtumikia miaka mingine mingi. Israfu imekatazwa, hata katika mashine.

Sasa tutazame matatizo matatu yaliyo mengi katika nyumba zetu.

La kwanza ni hilo la kioo cheusi baada ya umeme kukatika. Diski ya kompyuta ina daftari lake, ambamo mashine huandika kila faili ilipowekwa. Umeme ukikatika ghafula, mashine huwa kama karani aliyezimiwa taa katikati ya mstari. Inapowashwa tena huona mstari ule haukukamilika, na mara nyingine hukataa kuendelea mpaka daftari likaguliwe. Hapo huonekana neno “initramfs”, na juu yake maneno yanayotaja “fsck” pamoja na jina la sehemu ya diski yenye shaka, kwa mfano /dev/sda2. Mwenye haraka huona kifo. Mwenye kusoma huona kwamba mashine imetaja ugonjwa wake na dawa yake.

Hata hivyo, kabla ya dawa hutangulia nakala. Twaa flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, kwani itafutwa, nawe uitengeneze kwa Ubuntu katika kompyuta nyingine iliyo nzima. Ichomeke katika mashine iliyo mgonjwa, uiwashe, na ubonyeze kitufe cha kuchagua mlango wa kuanzia. Katika mashine nyingi ni F12, na katika nyingine ni F9 au Esc. Ukiulizwa, chagua “Try Ubuntu”, yaani kuujaribu tu. Usichague “Install”, kwani hiyo ndiyo njia ya kuweka mfumo mpya, na ukikosea hapo utafuta yaliyomo. Mfumo utaamka kutoka katika flashi, nawe utaweza kuifungua diski ya ndani na kunakili faili zako katika diski ya nje. Ukimaliza, iondoe diski ya ndani katika matumizi, fungua terminali, na uandike:

sudo fsck -f /dev/sda2

Jina la mwisho liwe lile lililotajwa na mashine yako mwenyewe. Itakuuliza kama irekebishe, nawe ujibu y. Lakini diski ikitoa mlio wa kugongagonga, acha mara moja, uizime, umpelekee mwenye ujuzi, kwa sababu hapo ugonjwa umo katika chuma chenyewe, na kila jaribio huzidisha madhara.

La pili ni lile la kuandika neno la siri, mashine ikalikubali, kisha ikakurudisha palepale ulipoanza. Watu wengi hudhani kwamba wamesahau neno lao, au kwamba mtoto amelibadili, na mtoto akapigwa bure. Sababu nyingine zipo, lakini ya kuanza kutazamwa ni diski kujaa. Mfumo ukikosa hata nafasi ndogo ya kuandika mambo yake, hauwezi kumfungulia mtu meza ya kazi. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utapata ukurasa wa maandishi matupu. Andika jina lako na neno lako la siri, wala usishangae kwamba neno hilo halionekani unapoliandika. Kisha andika:

df -h

Utaona safu za hesabu. Tazama mstari unaoishia na alama ya / peke yake. Ukiona 100%, umeupata mzizi wa fitina. Andika “sudo apt clean” ili kuondoa mabaki ya programu zilizokwisha kuwekwa, na “sudo journalctl --vacuum-size=100M” ili kupunguza kumbukumbu za zamani za mfumo; kisha “sudo reboot”. Ukiingia, limwage pipa la taka, na uzihamishe video katika diski ya nje. Mara nyingi video za arusi ndizo zinazomfungia mlango mwenye nyumba.

La tatu ni saa, na hili lagusa ibada. Ndani ya kompyuta nyingi mna betri ndogo ya mviringo, iitwayo CR2032, inayotunza saa mashine inapokuwa imezimwa. Ikiisha, mashine huamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na tovuti nyingi hukataa kufunguka, kwani vyeti vyao vya usalama huonekana kana kwamba muda wao haujaanza. Mtu hulaumu mtandao, akaongeza vocha juu ya vocha, na ugonjwa umo katika betri ya bei ndogo. Amri ya “timedatectl” itakuonyesha saa na tarehe ambazo mashine inazishika.

Lakini hata saa ikiwa sawa, lipo kosa jingine lililojificha. Tanzania nzima hutumia saa moja, ndiyo maana kompyuta ya Kigoma huandikiwa eneo la Africa/Dar_es_Salaam. Na hilo ni sawa kwa saa ya ukutani. Jua, hata hivyo, halifuati saa ya serikali. Kigoma ipo karibu digrii 10 magharibi ya Dar es Salaam, na kila digrii moja ni dakika 4 za mwendo wa jua. Kwa hiyo hapa kwetu jua huchwa kiasi cha dakika 40 baada ya kuchwa kule. Programu ya nyakati za sala iliyoachwa katika mji wa Dar es Salaam itaadhini Maghribi huku jua lingali juu ya milima ya Kongo, ng’ambo ya ziwa, nasi twaliona kwa macho. Mwenye kufuturu kwa adhana hiyo amekula mchana. Basi ifungue programu yako leo, kabla ya Ramadhani, uchague Kigoma. Kompyuta haikusema uwongo. Ilijibu sawasawa swali ililoulizwa. Sisi ndio tuliouliza habari za mji mwingine.

Wasomaji wetu, yatazameni matatizo hayo matatu. Katika yote mashine ilikuwa nzima, na katika yote mtu angeweza kuihukumu vibaya. Suratul Hujurat, aya ya 6, yatufundisha kuhakikisha habari kabla ya kutenda, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Twaonelea adabu hiyo yafaa hata mbele ya kioo cheusi: soma maneno yote, yaandike katika karatasi kama yalivyo, jaribu dawa moja kwa wakati mmoja, na ukumbuke ulichokifanya. Ukishindwa, waulize wenye ujuzi. Nawe uwaambie mambo matatu: ulikuwa wafanya nini, ulitazamia nini, na mashine ilisema nini. Wala usiandike amri uliyopewa na mtu usiyemjua kabla hujafahamu maana yake, hasa ikianza na “sudo”, kwani neno hilo humpa mtu mamlaka ya kujenga na ya kubomoa.

Lililobaki ni nakala. Sisi watu wa Kigoma tunao mfano wake ziwani. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa kwetu, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakiondoka, waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashine zake grisi nyingi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Wengi husifu kuopolewa kwake. Sisi twaisifu grisi. Kama haingepakwa kabla ya maji kuingia, kilichoopolewa kingekuwa kutu. Nakala ya faili zako ndiyo grisi hiyo, na wakati wake ni kabla ya msiba. Weka mbili: moja katika diski ya nje iliyo nyumbani, na nyingine katika nyumba ya ndugu unayemwamini. Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Ama yule kijana, tuliketi naye baada ya sala ya Alasiri. Tuliiamsha mashine kwa flashi, tukazinakili hesabu za baba yake, kisha tukalikagua daftari la diski. Kabla ya Maghribi, Maghribi ya Kigoma, mashine iliwaka kama ilivyokuwa. Aliyasoma majina ya wanaowadai na ya wanaowadaiwa. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa Kibirizi, aliyemwuzia marehemu dagaa kwa mkopo. Tangu mazishi alikuwa amekuja nyumbani mara mbili kuhani, wala hakutaja deni lake, kwa haya. Juma lililofuata alilipwa haki yake yote.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, amlipe kheri mjane wake kwa subira yake, na atujaalie sisi sote kuwa wenye kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.