Mbio za Magari ya Kale Zisiwe za Matajiri Pekee

Mbio za magari ya kale zinapopita vijijini mwetu, watoto wa shule hujipanga kando ya barabara wakishangilia katikati ya vumbi. Nami huzifurahia. Hata hivyo, nauliza: ni nani hasa awezaye kuingia humo?

Mashindano ya East African Safari Classic Rally yalianzishwa mwaka wa 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza ya 1953. Hayo ni mashindano ya kasi. Atumiaye muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Kwa sababu hiyo, gari hutiwa fremu ya vyuma ya kuwakinga waliomo, huimarishwa springi zake, na hufuatwa na kikosi cha mafundi wenye shehena ya vipuri. Gharama hizo humshinda mwalimu, na mwenye duka pia.

Lakini ipo njia nyingine. Katika Rallye Monte-Carlo Historique, magari ya kale hushindania usawa wa mwendo, wala si kasi. Waandalizi hutangaza mwendo wa wastani, na kila mshindani hupaswa kuufuata barabara nzima. Tuseme ni kilomita 36 kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Mwanafunzi hodari atajibu papo hapo: dakika 45. Anayechelewa huadhibiwa, na anayewahi vilevile. Tena vituo vya kupima muda hufichwa, hivyo haimfai mtu kukimbia kisha akangoje karibu na mwisho. Hapo mwelekezi mwenye saa na hesabu sahihi humshinda mwenye injini kubwa.

Wapo watakaosema kwamba hizo si mbio. Nawakumbusha kuwa Safari ya 1953 iliendeshwa katika barabara za kawaida, magari yakagawanywa kulingana na bei yake, na aliyechelewa kituoni akatozwa alama za adhabu. Kutunza wakati ndiko kulikokuwa kiini chake.

Maoni yangu ni kwamba kila mwandalizi wa mbio za magari ya kale nchini atenge kundi la usawa wa mwendo kando ya lile la kasi. Breki, taa na mikanda vikaguliwe kwa makini, na mwendo usivuke kiwango cha sheria, maana barabara ni ya watoto pia. Peugeot 504, aina iliyoshinda Safari mwaka wa 1975 na kubeba abiria wetu kwa miaka mingi, ingepata nafasi yake tena, pamoja na mafundi wanaoijua.

Tusisahau kwamba Joginder Singh, aliyekuwa fundi wa magari, alishinda Safari ya 1965 pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Tukiwafungia mlango watu wa aina yake, tutabaki watazamaji wa historia yetu wenyewe.